DaVinci Resolve Studio kwenye Mac na Windows: mashine inafanya nini, mhariri anafanya nini

Natumia DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video, kwenye Mac ya chipu za M (za Apple yenyewe) na kwenye Windows yenye kadi ya Nvidia, kwa kazi zilezile: harusi, mahojiano, matangazo. Leseni ni dola 295, unalipa mara moja, na inakubali kompyuta mbili hata zikiwa za aina tofauti. Ukihamisha mradi kwa faili la .drp, mikato, nodi za rangi (hatua za kurekebisha rangi) na viwango vya sauti vinafunguka vilevile.

Tofauti ya mashine naiona hasa kwenye kufungua faili za kamera. H.265 (njia ya kubana video) ya biti 10, 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, ni nzito: fremu nyingi zimehifadhi tu kilichobadilika, hivyo kompyuta inazijenga upya kila ukisogea kwenye taimulaini. Chipu za M zinaifungua bila shida. Kadi za Nvidia za kabla ya RTX 50 haziwezi, ndiyo maana mtu ana kadi ya bei mbaya na picha bado inakwamakwama. Hapo prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kuendelea, yenye chipu ya michoro ndani yake, ndiyo inayookoa.

Lakini mhariri anayeijua kazi hanunui mashine mpya kwa hilo. Kwenye Project Settings anachagua proksi (nakala nyepesi za kuhariria) za aina ya DNxHR LB, kisha anachagua klipu zote kwenye Media Pool, anabofya kulia na kubonyeza Generate Proxy Media. Kwa 1080p ya fremu 25, saa moja ya proksi hula takriban GB 16. Video za simu zenye kasi ya fremu inayoyumba azipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili video, achague Constant Framerate, la sivyo sauti itaachana na midomo.

Yaliyobaki ni mkono na sikio. Pete ikivishwa, kata ikiwa bado inaingia kidoleni, siyo ikishatulia. Jicho linafuata mwendo na halioni mkato. Kwenye mahojiano, sauti ya anayejibu itangulie picha yake kwa fremu 8 hadi 12. Ukiondoa "aah" katikati ya sentensi, usiache pengo: jaza sauti ya chumba kilekile, na krosifedi (sauti moja ififie nyingine ikiingia) ya fremu 2. Ukimya mtupu ndani ya mazungumzo humshtua hata asiyejua lolote kuhusu sauti. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoanguka, tena zilizotengenezwa kwenye mashine nzuri kabisa.

Mac nayo ina kero yake: QuickTime huonyesha video imepauka, na wengi hurudi kuongeza kontrasti. Usiguse rangi. Kwenye Deliver, ukurasa wa kutoa video, ndani ya Advanced Settings, weka Gamma Tag (lebo inayoiambia programu ya kuchezea mwangaza usomweje) kuwa Rec.709-A, toa video upya, ndipo ulinganishe.

Diski ya kuhamisha faili kati ya Mac na Windows iwe ya mfumo wa exFAT. Mac husoma NTFS, mfumo wa diski za Windows, lakini haiandiki. Ukiwa na bajeti ndogo, RAM ya GB 32 na SSD ya proksi zinatosha, na pesa inayobaki nunua hedifoni za studio kabla ya kufikiria kadi kubwa zaidi.