Nyota zangu kwa East African Airways

Wajukuu zangu hawaagizi hata biriani kabla ya kuangalia waliotangulia kula wametoa nyota ngapi. Nami ninazo nyota zangu za kutoa, ila shirika ninalolitolea lilifungwa mwanzoni mwa 1977. Ni East African Airways, ambalo wengi tulilizoea kwa herufi zake, EAA. Anayetaka kukata tiketi amechelewa. Lakini kila nikiwasikia watu kijiweni wakibishana kwa nini Afrika Mashariki haina shirika moja la ndege, naona wanazungumza kana kwamba halijawahi kuwepo, au kana kwamba lilikufa kwa sababu ndege zake zilikuwa mikweche. Mimi nilizipanda. Tatizo halikuwa ndege.

Nitangulize jambo moja: nauli sikulipa mimi. Nilikuwa mkaguzi wa hesabu za ushirika Mtwara, enzi ya korosho, na safari za Dar es Salaam zililipiwa na ofisi. Msomaji ayapime maneno yangu akilijua hilo.

Barabara ya kusini siku hizo haikuwa hii mnayoijua. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo palikuwa na kivuko, na masika yakikolea mto ulifurika, malori yakalala ng'ambo hadi madereva wakafahamiana kwa majina ya watoto wao. Ungeweza kungoja meli, na meli nayo ilikuwa na siku zake. Kwa hiyo kwa mtu wa Mtwara, Lindi au Nachingwea ndege haikuwa anasa ya wakubwa. Ilimbeba mwalimu aliyehamishwa, mgonjwa anayekimbizwa Muhimbili, magunia ya barua, na vijana kama mimi wenye mikoba iliyojaa leja.

Nianze na Dakota, yaani DC-3. Ikiwa chini hukaa mkia chini, pua juu. Unaingilia mlango wa nyuma, halafu unapanda kilima kwenda kwenye kiti chako huku umeshikilia migongo ya viti vya wenzako. Ikishachanganya mwendo mkia unanyanyuka, sakafu inakaa sawa, na hapo ndipo unajua kwamba kweli mnaondoka. Injini zake mbili zinakutetemesha mpaka magego. Kwa starehe siipi zaidi ya nyota mbili. Kwa kutua kwenye viwanja vya udongo na majani ambavyo leo hakuna ndege kubwa ingevisogelea, naipa tano bila kufikiri.

Fokker Friendship, iliyoingia kwenye shirika mwanzoni mwa miaka ya 60, ndiyo niliyoipenda. Mabawa yake yako juu ya abiria, kwa hiyo hakuna kinachokukinga usione chini, na madirisha ni makubwa. Ukitoka Dar kwenda kusini, kaa kushoto. Kwanza unaiona Mafia baharini, kisha unapita delta ya Rufiji, mikoko na mikondo ya maji ya kahawia ikijigawa na kujigawa tena, halafu visiwa vya Kilwa. Injini za Rolls-Royce Dart zilikuwa na mlio mwembamba wa kudumu ambao watu wa Mtwara waliutambua kabla ndege haijaonekana. Kabla ya kuruka mhudumu alipita na sinia la pipi za kumung'unya ili masikio yasizibe. Mzee mmoja wa Newala aliyekaa jirani yangu alichukua nne, akazifunga kwenye leso, akaniambia hizo ni za nyumbani.

Sasa historia, maana mkaguzi haandiki taarifa bila kufungua leja ya kwanza. Nairobi ilikuwa na Wilson Airways tangu 1929, kampuni iliyoanzishwa na mwanamke, Florence Kerr Wilson, ikakoma 1940 kwa sababu ya vita. EAA ilianza kuruka tarehe 1 Januari 1946 kutoka uwanja wa Eastleigh, Nairobi, ikiwa na ndege sita ndogo aina ya Dragon Rapide, za mbao na turubai, kwa msaada wa BOAC, shirika la ndege la Waingereza. Mtaji ulikuwa pauni 50,000: Kenya asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, Zanzibar 0.7. Piga hesabu, Zanzibar ilitoa pauni 350. Namheshimu karani aliyeuandika mgawo huo bila kucheka. Lakini uangalieni vizuri, maana ugomvi wa miaka thelathini iliyofuata umelala pale pale kwenye mstari wa kwanza wa daftari. Shirika ni la wote, ila mmoja ana theluthi mbili na nyumba iko kwake.

Kutoka Rapide hadi jeti ilichukua miaka kumi na minne tu. Mwaka 1960 zilikuja Comet 4, na baadaye EAA ikawa na tatu. Kuanzia 1966 zikaja Super VC10, mpaka zikafika tano. Ya mwisho kati ya hizo, 5H-MOG, iliyopokelewa 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa kiwandani. Herufi hizo za ubavuni zina siri yake. 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania, 5X ni Uganda. Baada ya uhuru, Comet tatu ziligawanywa moja moja kwa kila nchi, na VC10 nazo zikasajiliwa kwa mpango huo huo. Ndege zenyewe ziliruka kokote zilikopangwa. Ilikuwa usawa wa rangi ya ubavuni, na wakati ule ulitufurahisha sana. Tulikuwa tunatoka nje ya jengo la abiria kuangalia kama leo ni yetu.

Super VC10 niliipanda mwanzoni mwa miaka ya 70, nilipopelekwa kozi ya uhasibu Uingereza. Usiku, Embakasi, baridi ya Nairobi ambayo mtu wa Mtwara haizoei hata aazime koti. Ndege ile ina injini nne, zote mkiani, mbili kila upande. Ukikaa mbele hausikii kitu isipokuwa hewa ikipita na watu wakikoroma. Ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya namna ya Nairobi, palipo mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, ambapo ndege nyingi za wakati ule zililazimika kupunguza mzigo au kukimbia mpaka ukingoni ndipo zinyanyuke. Hii ilinyanyuka kama iliyochukizwa na ardhi. Viti vitatu kushoto, vitatu kulia. Wahudumu walikuwa Mganda, Wakenya wawili na dada mmoja wa Tanga, nao walitaniana kutoka jikoni mpaka mkiani bila kujali nani ametoka mpaka upi. Sijawahi tena kuona ofisi ya Afrika Mashariki inayofanya kazi vile. Marubani wetu vijana nao walianza kufundwa pamoja, kwenye chuo cha Soroti kilichofunguliwa 1971. Nyota tano. Chakula tatu na nusu, maana viazi ni viazi.

Usalama siwezi kuuruka. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota iliyotoka Dar kwenda Nairobi iligonga Mawenzi, Kilimanjaro, na watu wote 20 wakafa. Tarehe 18 Aprili 1972 Super VC10 yenye namba 5X-UVA ilikuwa inaondoka Addis Ababa kwenda Roma na London. Tairi la mbele lilipasuka, rubani akaamua kusimama, breki hazikushika kwa nguvu zake zote kwa sababu sehemu yake ilikuwa imefungwa vibaya. Ndege ikavuka mwisho wa njia, ikaporomoka kwenye ukingo, ikawaka. Kati ya watu 107, walikufa 43. Nilikuwa nimeshapanda ndugu zake wa familia hiyo hiyo, na niliendelea kupanda, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikihesabu viti kutoka kwangu hadi mlangoni. Mpaka leo nahesabu.

Tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo wanakijiwe wanapopotea. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutumia shilingi yake. Mwaka 1967 ukasainiwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Kampala, na makao ya mashirika yakagawanywa: bandari Dar es Salaam, posta Kampala, reli Nairobi, na ndege zikabaki Nairobi. Sasa fuateni tiketi moja. Nimeinunua Dar kwa shilingi za Tanzania. Ndege inatengenezwa Nairobi na fundi anayelipwa kwa shilingi za Kenya. Deni la kununulia ndege liko Uingereza na linadai pauni. Ili shirika liishi, fedha za tiketi yangu lazima zitoke Dar zifike Nairobi, na Benki Kuu ikubali kuziachia wakati nchi yenyewe inahaha kutafuta fedha za kigeni. Zikichelewa mwezi, fundi anasubiri. Zikichelewa mwaka, Nairobi inasema wenzetu hawalipi. Dar na Kampala wanajibu: karakana ni zenu, ajira ni zenu, watalii wanashukia kwenu, sisi tunachangia nini tena?

Nikiwa mkaguzi nasema wote walikuwa na hoja, na hilo ndilo baya. Njia ya London ilikuwa na fedha, na safari za Mtwara, Mafia, Musoma au Arua zilikuwa huduma kwa wananchi, si biashara. Katika mfuko mmoja, njia nono inaibeba njia nyembamba na hakuna anayeuliza. Mfuko ukishatobolewa mara tatu, kila mmoja anataka kujua njia yake nyembamba inabebwa na nani, na njia yake nono inambeba nani.

Ndege hazikuwa na mtu wa kuwasuluhisha wenye nazo. Idi Amin alipindua serikali Januari 1971, Mwalimu akakataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka ya Jumuiya, yaani marais watatu, haikukutana tena. Bodi inaweza kupanga ratiba, haiwezi kumlazimisha waziri wa fedha. Mafuta yakapanda bei 1973. Uganda iliunda Uganda Airlines yake 1976. Januari 1977 EAA ikasimama. Kenya Airways ilianzishwa tarehe 22 mwezi huo huo na kuruka tarehe 4 Februari, kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na mpaka huo ukabaki umefungwa hadi 1983. Tarehe 11 Machi tukapata Shirika la Ndege la Tanzania, lenye twiga. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimeshavunjwa na serikali 1976, kwa hiyo mimi nilipoteza mwajiri na usafiri wake kwa kupishana miezi tu.

Kwa wale wa mikweche: VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza kwa sababu ya deni. Jeshi la anga la huko likazinunua, likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani, na likazitumia mpaka Septemba 2013. Miaka 36 baada ya sisi kushindwana! 5H-MOG ilipelekwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ikahifadhiwa. VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani, tarehe 25 Septemba 2013, ilikuwa ile ya zamani 5H-MMT. Yetu.

Leo Kenya Airways na Air Tanzania kila moja ina Boeing 787 zake, Uganda Airlines ina Airbus A330 zake, na kila moja inatafuta abiria wake wa kuvuka bahari kutoka viwanja ambavyo mtu anaweza kuruka kutoka kimoja hadi kingine kwa muda wa saa mbili hivi. Hesabu za kampuni za watu siingilii, nimestaafu.

Basi nyota. Marubani na mafundi, nne na nusu, hiyo nusu nimeiacha Addis. Wahudumu, tano. Ratiba ya mikoani, tano, na anayebisha aje Mtwara nimsimulie kivuko. Ndege, tano. Wenye shirika, moja: ubishi wa nani achukue nini katika mali za Jumuiya uliendelea miaka saba, mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, akienda na kurudi, na wastaafu wa Jumuiya wakidai mafao yao hadi miaka ya 2000. Hiyo nyota moja ni ya Arusha, tarehe 14 Mei 1984, walipokubali Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, wakaweka saini.