Shokapu za milimita 120 au 160?

Umeshaamua kununua baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma. Sasa zibonyee kiasi gani?

Kupanda, 120 inashinda waziwazi. Huwa nyepesi, na nguvu ya mguu haipotelei kwenye kunesa. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona na mlima. Ukiwa na 160 utaihisi kila kilo. Kuteremka mambo yanageuka. Kwenye mizizi na mawe, 160 inameza vishindo, na uma wake wa mbele uliolala zaidi huituliza baiskeli kwenye mteremko mkali. 120 nayo hupita hapohapo, ila utachagua njia kwa macho makali, na mikono itachoka.

Bei? Tusidanganyane, zote ghali. Matunzo ni yaleyale: sili, mafuta, beringi za maungio ya nyuma, na vumbi letu halina huruma.

Anayezunguka kutwa kijiji hadi kijiji, 120. Anayepandishwa na pikapu ili ateremke tu, 160. Mwenye mwili mkubwa asikimbilie 160 kwa sababu hiyo. Uzito hurekebishwa kwa upepo wa shokapu.