Land Rover Series III katika hewa ya chumvi: je, inafaa kufufuliwa uani Malindi?

Land Rover Series III iliundwa kati ya 1971 na 1985, na nyingi zilizotembea barabara za Kenya ziliunganishwa Thika, ndiyo maana hadi leo unaweza kuikuta moja imeegeshwa chini ya mwembe upande wa Magarini, matairi yameisha upepo na mwenyewe yuko tayari kupatana bei. Ninayoizungumzia hapa ni ile fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na yenye injini ya petroli ya lita 2.25, na ninaipima kama gari la kutengenezwa nyumbani na mtu mwenye kazi nyingine ya kumlisha.

Injini yake haina cha kumtisha mtu. Ina silinda nne na kabureta moja, na mwenye spana za inchi (za milimita huvila vichwa vya nati) anaweza kufungua kichwa cha injini, kubadilisha gasketi na kurekebisha vali bila kumwita mtu. Giaboksi nayo ina sinkromeshi (kifaa kinacholinganisha kasi ya gia ili ziingie bila kusaga) katika gia zote nne za mbele, nafuu ambayo matoleo ya kabla yake hayakuwa nayo katika gia ya kwanza na ya pili. Nyaya za umeme ni chache mno hata hazistahili aya yake.

Shida iko kwenye bodi, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa Pwani hudanganyika. Husemwa kwamba Land Rover haili kutu kwa sababu ni ya alumini, na maneno hayo yana ukweli nusu. Kiwanda kilichagua aloi ya alumini kwa gari la kwanza la 1948 kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, lakini chesi (fremu ya chini inayobeba gari zima), fremu za milango na ukuta unaotenganisha injini na dereva vyote vilibaki kuwa vya chuma. Metali hizo mbili zikigusana, kisha unyevu wenye chumvi ukaingia katikati, huzuka mkondo mdogo wa umeme ambao huila alumini, huku chuma kikiendelea kuoza kwa kutu yake chenyewe. Katika mji ambao upepo wa bahari huacha ukungu wa chumvi kwenye vioo vya madirisha, hilo si jambo la vitabuni.

Mlango wa dereva wa gari nililolifungua ulionekana mzima kwa nje, isipokuwa rangi iliyofura kidogo karibu na ukingo wa chini. Ribiti zilipotobolewa na bati likainuliwa, ulimwagika unga mweupe uliokuwa alumini zamani, na fremu ya ndani ikabanduka tabaka kwa tabaka mikononi. Fundi fulani wa awali alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha bati la chuma kilichokandamizwa moja kwa moja juu ya alumini, yaani aliuongezea ugonjwa chakula. Dawa yake ni kukata fremu mpya, kuipaka rangi ya msingi yenye zinki, kisha kutenga metali hizo kwa utepe wa mpira au lami kila zinapokutana, hata chini ya vichwa vya bolti.

Kwa hiyo atakayenunua alale chini ya gari na nyundo ndogo kabla ya kuuliza bei, aigonge chesi tangu mbele hadi ubavu wa nyuma unaobeba ndoano ya kuvutia. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti butu, na mara nyingine nyundo huzama. Mafundi hodari wa kuchomelea chuma wanapatikana Malindi, nao huja nyumbani na mashine zao, ila tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, na lazima litolewe na kupelekwa mbali kabla ya cheche ya kwanza kuruka. Waya za betri na za altaneta nazo zifunguliwe. Baada ya kuchomelea, chesi inyunyiziwe nta au oili ndani ya mirija yake, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe, kwani kutu yake huanzia ndani.

Vipuri vya kawaida, kama viatu vya breki na gasketi, hupatikana Mombasa, na majani ya springi hutengenezwa hapa nchini. Chesi mpya iliyochovywa zinki hutoka Uingereza, na gharama ya kuileta inaweza kupita bei ya gari lenyewe, kwa hiyo ikiwa nyundo imezama mahali zaidi ya pawili patatu, ni bora kumwachia mwenyewe gari lake. Chesi ikiwa nzima naipendekeza bila kusita, hata kwa mwanagenzi, mradi awe na kivuli cha kufanyia kazi, gari jingine la kwendea kazini, na mfuko unaostahimili injini inayokwenda takriban kilomita 6 kwa lita.