Onyesho la Ruth Elder, Nsambya: Simulizi Nzuri, Maneno Mengi

Katika vibanda vya sinema vya Kampala tumezoea filamu za kivita na za Kihindi, huku VJ, yaani msimulizi wa filamu, akifasiri kila neno kwa Kiganda na kuongeza ya kwake. Ukumbi mmoja mdogo wa Nsambya, mtaa wenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, sasa unatumia ufundi huohuo kusimulia enzi za filamu bubu, na onyesho lililonivuta ni la maisha ya Ruth Elder, Mmarekani aliyeigiza sinema na kurusha ndege. Kiingilio ni shilingi 5,000, na kwa bei hiyo mtazamaji hupata picha mnato, vipande vya filamu za habari za wakati ule, na msimulizi anayesimama kando ya pazia na kipaza sauti chake.

Tangazo lililobandikwa mlangoni limepindua mambo, kwa kuwa linamwita Elder mwigizaji aliyegeuka rubani. Alikuwa mzaliwa wa Anniston, Alabama, akifanya kazi ya kumsaidia daktari wa meno huko Florida, na alijifunza kurusha ndege kabla sinema haijamjua. Hata hiyo sinema ilimfuata kwa sababu ya safari ambayo haikufika. Msimulizi, tofauti na aliyeandika tangazo, analifahamu hilo vizuri.

Sehemu ya safari hiyo ndiyo inayostahili kiingilio chote. Tarehe 11 Oktoba 1927, miezi michache baada ya Charles Lindbergh kuvuka Atlantiki peke yake, Elder na mwenzake George Haldeman waliondoka Roosevelt Field, New York, kwa ndege ya Stinson iliyoitwa American Girl, naye akikusudia kuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo kwa ndege. Baada ya saa zipatazo 36 angani, oili ikiwa inavuja na presha yake imeshuka, walilazimika kushuka majini karibu na visiwa vya Azores, wakaokolewa na Barendrecht, meli ya mafuta ya Uholanzi. Ndege yenyewe ilishika moto wakati wa kuivuta melini. Msimulizi hakuharakisha hapo: alieleza jinsi vyuma vya injini iliyokosa oili vinavyosagana na kupata joto hadi vinakwama, na jamaa mmoja wa benchi la mbele, dereva wa malori bila shaka, akamalizia kwa sauti, "Imenoki!" Kisha msimulizi akatukumbusha kwamba Port Bell yetu hapa, bandari ya Ziwa Victoria, ilikuwa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1930, ila zile ziliundwa zielee, ilhali American Girl ilikuwa na magurudumu tu. Kwa maelezo hayo mafupi kila mtu ukumbini alielewa ukubwa wa hatari ile.

Onyesho linalegea likifika kwenye sinema. Elder aliigiza katika Moran of the Marines ya mwaka 1928, akiwa na Richard Dix, na The Winged Horseman ya mwaka 1929, akiwa na Hoot Gibson, lakini tulichoonyeshwa ni picha mnato pekee, na msimulizi akaziba pengo kwa mazungumzo ya kubuni na mizaha kuhusu ndoa zake sita. Watu walicheka, nami sikatai kwamba VJ asiyechekesha hana wateja. Hata hivyo, alipotokea Elder mwenyewe amesimama kando ya ndege, utepe umefungwa kichwani kuzuia nywele, utepe uleule ambao wanawake wa Marekani waliuiga, uso wake ulikuwa unajieleza, na yule bwana aliendelea kutia maneno juu yake kama anayelipwa kwa kila neno.

Mashindano ya ndege ya wanawake ya Agosti 1929, kutoka Santa Monica hadi Cleveland, yalipewa dakika chache mno. Louise Thaden alishinda, Amelia Earhart akawa wa tatu katika kundi la ndege kubwa, Elder akawa wa tano katika kundi hilohilo, na Marvel Crosson alifia njiani. Ningeyaongezea muda uliotumika kwa ndoa, kwa maana yanathibitisha kwamba Elder hakuwa sura ya matangazo tu.

Kuhusu huduma, mabenchi hayana migongo na spika ya kulia inakwaruza, basi keti kushoto. Jenereta iko nyuma ya ukuta wa mwisho, na umeme ukikatika waliokaa huko hawasikii kitu. Wahudumu ni wastaarabu, chai ya maziwa ni ya moto, na ukiomba simulizi irudiwe kidogo kwa sababu ya kelele, msimulizi hurudia bila kununa.