Fomu ya mkataba ya steshenari: ifae kwa kuezeka ghala, isitumike kumfunga fundi wa kila wiki

Kwenye steshenari za Tabora mjini inauzwa fomu ya kujaza ya kurasa mbili, "Mkataba wa Mtoa Huduma wa Kujitegemea". Wanaoinunua sana ni wenye biashara wanaohitaji fundi, dereva au karani wa msimu wa tumbaku bila kumwajiri. Kwa kazi ya mara moja, tuseme kuezeka ghala au kuchora bango, inafaa: majina, kazi, bei na tarehe ya kumaliza vyote vina nafasi yake.

Ubaya uko kwenye mstari huu: "Mtoa huduma si mwajiriwa na hatadai haki yoyote ya ajira." Watu wanausaini wakiamini mlango umefungwa. Haujafungwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinaangalia kazi inavyofanyika. Ukipangiwa namna ya kufanya kazi au saa zako, ukipewa vifaa, ukimtumikia mtu mmoja tu, au riziki yako ikimtegemea yeye, kigezo kimoja kinatosha uchukuliwe kuwa mwajiriwa, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa aliyekupa kazi. Kigezo kingine ni wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Fundi wa mashine ya kukamua asali anayekuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne nne, anafikisha saa 12 kwa wiki, kama 52 kwa mwezi. Tayari amevuka, na hata siku nzima hajawahi kushinda pale.

Kipengele cha "kusitishwa wakati wowote bila notisi" nacho ni kibovu. Mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, ana haki ya notisi ya siku 28. Lakini asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi iandikwe, na ya kweli. Fomu hii haina nafasi yake! Iandikeni kwa mkono, wote wawili mweke saini pembeni.

Anayejitegemea kweli, mwenye wateja wengi na vifaa vyake, aongeze siku za kulipwa baada ya ankara na adai cheti cha kodi ya zuio ya asilimia 5 akikatwa. Akidhulumiwa, njia yake ni mahakama za kawaida.

Aliyeachishwa naye ajaze fomu CMA F1, ampelekee mwajiri nakala, kisha aifikishe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ndiyo CMA) pamoja na uthibitisho kwamba imepokelewa. Muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara, siku 60. Wengi wanapotezea siku hizo kwenye ahadi za "njoo wiki ijayo tuongee". Ukichelewa, utaanza na CMA F2 kueleza sababu, na Tume inaweza kuikataa.