Jiwe la kulamba lenye shaba: miezi 9 na mbuzi wangu wa Mahuta

Nafuga mbuzi 14 na kondoo 5 hapa Mahuta, wilaya ya Tandahimba. Mwaka mzima wanachungwa chini ya mikorosho.

Aliyenifanya nitafute jiwe la kulamba, yaani bonge la chumvi na madini ambalo mifugo hulilamba, ni mbuzi wangu mweusi. Manyoya yalififia mpaka yakawa rangi ya kutu, na kuzunguka macho yakapauka kama kavaa miwani. Nilimpa dawa ya minyoo, hali ikabaki ileile. Mwezi wa nane akazaa. Mtoto alinyonya vizuri tu, lakini wiki ya tatu miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, akawa anajikokota, mwisho hainuki kabisa. Alikufa mikononi mwangu, na iliniuma sana.

Afisa mifugo alipoyaangalia yale manyoya, swali lake la kwanza lilikuwa: mikorosho mnapuliza nini? Nikamjibu salfa, kama wote huku, tangu mwezi wa sita, kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Akanieleza kwamba salfa ikizidi kwenye malisho hushikana na shaba tumboni mwa mnyama, na shaba hiyo haiingii tena mwilini hata kama majani anayokula yanayo. Shaba ndiyo inayotia manyoya rangi, na ndiyo inayohitajika kujenga mishipa ya fahamu ya mtoto angali tumboni. Mtoto akishapooza namna ile kumrudisha ni vigumu. Wa kuwahiwa ni mama, kabla hajazaa.

Jiwe la kwanza nililinunua duka moja mjini. Jeupe, halina lebo, muuzaji akanihakikishia lina madini yote. Mvua ya kwanza tu likayeyuka. Ilikuwa chumvi tupu, na chumvi si tunayo ya kwetu, ya Mtwara na Lindi? Mnyama anaihitaji, sikatai, ila shaba haimo. Hela yangu ikapotea hivyo.

La pili ni la kilo 5, na lebo yake inataja shaba, zinki, kobalti, seleniamu na madini joto, kila moja na kiasi chake. Nikalitundika kwa kamba bandani, usawa wa pua zao, mvua isilifikie. Siku za mwanzo beberu aliwafukuza wenzake wote, ikabidi nitundike jingine upande wa pili.

Kwenye mwezi wa tatu hivi wa kulilamba jiwe hilo nilimshika yule mweusi nikayapasua manyoya ya mgongoni kwa vidole. Ncha bado kutu, shina jeusi tii! Nilimwita mke wangu aje aone. Mwezi wa tano akazaa mapacha, na mpaka leo wanaruka juu ya kichuguu bila kuyumba. Maziwa sijaona yameongezeka, nisiwadanganye.

Wenye kondoo nawaomba sana mnisikilize. Kondoo hawezi kuitoa shaba haraka kama mbuzi; inajilimbikiza kwenye ini kimyakimya, halafu siku moja macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mwekundu wa kuiva, na anakufa. Wangu nimewajengea banda lao, na wana jiwe lao lisiloongezwa shaba. Mlango wa katikati naufunga mwenyewe kila jioni, simwachii mtoto.