TAHADHARI: Safari ya "kujifunza kwa mafundi wa nguo Japani" ni utapeli, nimelizwa milioni 4.6

Jamani, naandika hii mikono inatetemeka. Aibu nimeshaimaliza, wiki nzima nimelala nimegeukia ukutani. Kuna mwanamke anazunguka kwenye vikundi vya watengeneza batiki, wafumaji na washonaji, anauza safari ya siku 12 Japani, watu wanane tu. Usimpe hata mia. Amekula milioni 4.6 zangu na paspoti yangu anayo mpaka leo.

Wanaonijua mnajua hela ile ilitoka wapi, sitaki kurudia hapa. Na mnajua Japani nimeitamani tangu lini. Marehemu bibi alikuwa na doti ya khanga iliyoandikwa pembeni kwamba imetengenezwa Japani, maana zamani khanga nyingi tulizovaa huku pwani zilichapwa kule zikaja na meli. Ile khanga ilifuliwa mpaka ikawa laini kama utando wa kitunguu, na wekundu wake haukutoka. Nimekua nikijiuliza wale watu rangi yao wanaichanganya na nini. Kwa hiyo mtu aliponipigia akasema, "Dada, nimeelekezwa kwako, naambiwa wewe ndiye fundi," mimi nilikuwa nimeshakwisha kabla hata hajanionyesha kitu.

Tulikutana Mwenge, kwenye mgahawa, saa nne asubuhi. Alifika kabla yangu. Alivaa vizuri lakini bila makuu, nywele kazifunga nyuma, na nilipompa kadi yangu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaiweka mezani mbele yake, hakuitia mkobani. Alisema ameishi Nagoya miaka sita na huko ndiko alikofundishwa adabu hiyo. Hela hakuitaja kabisa siku hiyo. Mimi ndiye niliyeuliza, akacheka taratibu akasema, "Dada, kafikirie kwanza, hii si safari ya kila mtu." Mwaka jana wangapi wamenifuata wakitaka hela papo hapo nikawafukuza? Huyu hakutaka. Nikasema moyoni, huyu si tapeli.

Kisha akaongea kazi. Akaniambia habari za Arimatsu, mji mdogo ambao sasa umo ndani ya Nagoya, ambako tangu mwaka 1608 wanafunga kitambaa kwa uzi na kukichovya kwenye nili, ile rangi ya buluu inayotoka kwenye majani, wakiwauzia wasafiri waliopita barabara ya zamani ya kutoka Edo (Tokyo ya sasa) kwenda Kyoto. Shibori, ndiyo wanavyoiita. Yaani tai na dai yetu hii hii, isipokuwa wao wana namna zipatazo mia za kufunga. Akanitajia moja moja: kukunja na kubana kwa vibao, kushona na kuvuta uzi, kuzungushia kitambaa kwenye gogo. Nimekwenda kuyahakiki yote baadaye. Ni kweli tupu! Hapo ndipo anapowanasa watu, naomba mnielewe. Habari za Japani anazijua, tena anazijua vizuri. Safari ndiyo isiyokuwepo.

Halafu akatoa kitambaa. Kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi nyembamba nyeupe, akaifungua taratibu kana kwamba anafungua mtoto mchanga. Buluu ya nili iliyokolea, na vidoti vyeupe vimejaa kote, vidogo kama punje za uwele, kila kidoti kimeinuka kinundu. Akasema hiyo wanaiita kanoko, inafanana na madoa ya mgongo wa mtoto wa paa, na kila kidoti kimefungwa kwa mkono. Akanilazia mapajani. "Kiguse, dada."

Nikakigusa. Miaka 14 nachemsha nta, natia kostiki na haidrosi, zile dawa za rangi, mpaka kifua kinawasha, wanawake zaidi ya thelathini nimewafundisha kufunga kitambaa, na siku ile nilikaa na kile kitambaa mapajani labda dakika kumi nikipitisha vidole kwenye vile vinundu, machozi yananilengalenga. Sikukigeuza.

Fundi yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Kitambaa kilichofungwa na kuchovywa, rangi inaingia pande zote mbili. Ukikitazama kwa karibu unaona uzi ulipokaba, rangi imevuja kidogo huku na kukomea kule, hakuna vidoti viwili vinavyolingana. Kile alinipa kama zawadi, na mimi nikakigeuza miezi miwili baadaye, usiku, juu ya kitanda changu. Nyuma kimepauka. Vidoti vyote sawasawa, vinajirudia kila baada ya shubiri moja. Kimechapwa kwa mashine, na vile vinundu vimekandamizwa kwa joto kwenye poliesta. Nilikaa chini sakafuni.

Malipo sasa. Jumla aliniambia milioni 11.5, tiketi, malazi na mafunzo ndani yake, kianzio 3,200,000. Nafasi zimebaki mbili. Nilikwenda kwa wakala pale jirani na duka (mnamjua), nikatuma mara mbili, milioni mbili kwanza kisha laki kumi na mbili. Nilipoingiza namba, kabla ya namba ya siri, jina lililotokea lilikuwa la mwanamume. Nikasita. Hata yule kijana wa wakala aliniuliza, "Mama, ndiye huyu?" Nikampigia mwanamke nikiwa nimesimama pale pale dirishani, akapokea mlio wa kwanza, akasema huyo ni mhasibu wetu, dada, usiogope, risiti nakutumia sasa hivi. Na kweli risiti ilikuja na mhuri. Nikabonyeza. Nikiikumbuka sauti ya yule kijana nataka kupiga kelele.

Wiki tatu baadaye akataka 1,400,000, akaiita dhamana ya viza, pamoja na paspoti yangu. Nikampa. Aliniletea barua ya mwaliko eti ya karakana ya Kyoto, mtaa wa Nishijin wanakofuma hariri. Mwezi ukapita. Simu akawa anapokea siku moja moja, halafu hapokei. Nikaenda mwenyewe ubalozi wa Japani hapa Dar. Hakuna ombi lolote la jina langu. Na ada ya viza yenyewe ni ndogo mno, haifanani hata kidogo na ile milioni na ushee.

Ratiba yake nimeipitia upya kwa utulivu, na hasira zinapanda kila mstari. Safari ni Machi, lakini siku ya sita tunakwenda Tokushima "kuvuna majani ya nili". Kule nili inapandwa mbegu Machi! Inakatwa kiangazi, kisha majani yanarundikwa, yanamwagiwa maji na kugeuzwa siku kama mia ndipo yawe rangi. Siku ya nane eti basi linatutoa Kyoto asubuhi, mchana tuko Amami Oshima kuona nyuzi zikipakwa tope. Amami ni kisiwa, kipo kusini kabisa, katikati ya Kyushu na Okinawa. Unafika kwa ndege au meli. Ramani ipo kwenye simu yangu, na mimi sikuifungua.

Mengine kwa haraka. Jina la malipo si la kampuni. Kampuni yenyewe BRELA, kule zinakosajiliwa kampuni, haipo, nimetafuta mtandaoni. Anayedai kuwa wakala wa safari wa Japani mwambie akupe namba ya usajili, kule sheria inawalazimisha kusajiliwa, huyu nilipomuuliza alikasirika akasema namvunjia heshima. Ofisi hana, kila siku mgahawa. Paspoti usimwachie mtu wa namna hii.

Huyu mwanamke afungwe. Sitaki kusikia habari za kumwonea huruma, sijui ana watoto, sijui alikuwa na shida. Nani hana shida? Nataka nimwone Kisutu kizimbani, nataka alipe kila senti, gari analotembelea liuzwe, na yule "mhasibu" wake asimame pembeni yake. Kuna mama mmoja amenipigia jana kutoka Moshi, mjane, anauza mashuka ya kudarizi, naye ametoa milioni mbili na ushee, za kikoba, si zake. Alikuwa hajamwambia mtu. Alilia mpaka simu ikakata. Kumtapeli mtu kwa kutumia kazi ya mikono yake, kwa kitu anachokipenda kuliko vyote, mimi hilo sijui niliite nini.

Nina RB ya polisi tayari. Namba alizotumia ni tatu, sitaziweka hapa, askari amenikataza, lakini kama umetumiwa ile ratiba yenye picha ya mikono iliyoingia nili mpaka kwenye vifundo, niandikie pembeni nikuambie kama ndiye. Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda tena kituoni na risiti zangu na za yule mama. Wenye za kwenu nileteeni kabla ya Jumapili jioni, hata kama ulitoa kidogo, hata kama mume hajui. Kitambaa chake nimekifunga kwenye karatasi ile ile, nacho nakwenda nacho.